Kofia ya Mwana wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni mshonaji wa kofia za vito hapa Lamu, mtaa wa Langoni, kazi aliyoirithi kwa mama yetu, na kwa kuwa mshonaji wa kofia hushinda na vichwa vya watu akilini, yeye ndiye aliyetambua kabla ya muuguzi, kabla ya daktari, na kabla yangu mimi niliyekuwa nimefundisha baiolojia kwa miaka tisa. Ilikuwa siku ya saba tangu ajifungue mwanawe wa kwanza, mwaka 2013. Mtoto alikuwa amekwisha kunyolewa nywele, jina limetajwa, wageni wameondoka, na chumba bado kinanukia udi. Alichukua utepe wake wa kupimia, ule wa manjano uliofutika nambari za mwanzo kwa kushikwashikwa, akauzungusha juu ya nyusi za mtoto hadi kisogoni, akausoma, akaulegeza, akauzungusha tena. Ulionyesha sentimita 30 na nusu. Aliniangalia akasema, "Dada, hiki si kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi tisa."

Nilimjibu kwamba watoto hutofautiana, naye akanyamaza kwa heshima ya ukubwa wangu. Ni yeye aliyekuwa na haki. Mtoto wa kiume aliyetimiza miezi yake huzaliwa na mzingo wa kichwa wa takriban sentimita 34 au 35, na ukipungua chini ya 32 inapasa achunguzwe. Katika kadi tuliyopewa zahanati siku ya kuzaliwa, uzito ulikuwa umeandikwa vizuri kwa wino wa buluu, ila mstari wa mzingo wa kichwa uliachwa mtupu. Wiki ya tatu tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa, na huko daktari akapima, akatuma damu maabara kutafuta rubela na maambukizi mengine yanayojulikana kudhuru ubongo wa mtoto tumboni, akampiga picha ya kichwa, na mwishowe akatuambia kwamba hali hiyo huitwa mikrosefali, kwamba sababu zake ni nyingi, na kwamba kwa mtoto huyu hakuna iliyopatikana.

Tulipokuwa ndani ya boti tukirudi, mdogo wangu alijifunika buibui usoni akaniuliza swali ambalo limekuwa mwalimu wangu tangu siku ile. "Dada, wewe umesoma. Nilifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba miezi kadhaa kabla ya hapo, alipokuja kunieleza kwa furaha kwamba siku zake zimempita na akaniuliza kama aanze kliniki, mimi ndiye niliyemwambia asiwe na haraka, kwani katika mwezi wa kwanza bado hakuna kitu, ni tone la damu tu. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo hata darasani. Sisemi kwamba kauli yangu ndiyo iliyomdhuru mtoto, maana sina ushahidi huo wala hakuna daktari aliyesema hivyo. Nasema kwamba ilikuwa si kweli, na mwalimu hana budi kuisahihisha kauli yake mahali palepale alipoisemea.

Mambo yenyewe ni haya. Kufikia siku ya 18 au 19 baada ya mimba kutungwa, kiinitete, yaani mtoto wa wiki za mwanzo tumboni, huwa na kibati cha seli mgongoni kitakachokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kibati hicho hujikunja, kingo zake mbili zikainuka na kukutana kama vile mshonaji anavyozikutanisha pande mbili za kitambaa, na kufikia siku ya 28 mrija wa neva unakuwa umefungika juu na chini. Mwanamke hukosa siku zake yapata wiki mbili baada ya mimba kutungwa. Kwa hiyo anapokuwa amechelewa wiki mbili nyingine, akiwa bado anahesabu kwa vidole na kujiuliza kama ni safari au uchovu uliomchelewesha, mshono ule mkubwa umekwisha kushonwa. Kuanzia hapo seli za ndani ya mrija hugawanyika kwa kasi isiyopata kurudiwa tena maishani, na seli nyingi za neva za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, hutengenezwa kabla mimba haijavuka nusu yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2016, redio na televisheni zilijaa habari za watoto wa Brazil waliozaliwa na vichwa vidogo, na tarehe 1 Februari Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura kwa ajili ya virusi vya Zika. Majirani walianza kumtazama mwanetu upya. Nasema mwanetu kwa sababu kwa desturi yetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, naye huniita mama mkubwa. Wengine walikuja na huruma, wengine na hadithi za kupatwa kwa mwezi, na jamaa mmoja mzee akamuuliza mdogo wangu mbele ya watu kama alikula kitu fulani alichokatazwa. Siku hiyo niliamua kulisoma swali lile la ndani ya boti hadi nilifikishe mahali. Sikutafuta tena sababu ya ugonjwa wa mtoto mmoja. Nilitaka kujua ni nini kinachouambia ubongo ukue, na ni nini kinachouambia uache.

Niliyoyakuta yalinirudisha kwenye kitu nilichokuwa nikikipitia darasani kwa sentensi moja, yaani niuropeptidi. Hizi ni nyuzi fupi za asidi amino, nyingine zikiwa na asidi tano tu, nyingine karibu arubaini, ambazo seli za neva huzitengeneza na kuzitoa kama ujumbe. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba kazi yake ni mambo ya mtu aliyekwisha kukamilika, kama vile maumivu, njaa na usingizi. Na historia yake kweli ilianzia huko. Mwaka 1931, Ulf von Euler na John Gaddum walipata dutu P katika ubongo na utumbo wa farasi. Mwaka 1970, Sami Said, mzaliwa wa Misri, pamoja na Viktor Mutt, waliichuja kutoka utumbo wa nguruwe peptidi yenye asidi amino 28 inayopanua mishipa ya damu, ambayo wanasayansi huiita kwa kifupi VIP. Mwaka 1975, huko Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz wakazipata enkefalini, zenye asidi tano tu. Mwaka 1989, kundi la Akira Arimura likaipata katika ubongo wa kondoo ndugu wa karibu wa VIP aitwaye PACAP. Yote haya yalitafutwa kwa wanyama wazima. Hakuna aliyekuwa akifikiria kiinitete.

Asiyejua namna niuropeptidi zinavyofanya kazi na akumbuke chetezo. Kemikali za haraka za neva, kama asetilikolini, ni mfano wa mtu apigaye hodi: husemwa mlango mmoja, husikiwa na aliye ndani ya nyumba hiyo, na mara imekwisha. Niuropeptidi ni udi. Seli hutengeneza kwanza protini ndefu, vimeng'enya vikaikata vipande vipande, vipande vikafungashwa ndani ya vifuko, na vikitolewa husambaa polepole kati ya seli kama moshi upandao kutoka ndani hadi vyumba vya juu, ukang'ang'ania nguo na kubaki hadi asubuhi. Lakini mwenye mafua hasikii udi hata akiwekewa chetezo miguuni. Vivyo hivyo, seli isiyo na kipokezi cha peptidi fulani haishughuliki nayo, na ileile peptidi moja huweza kumaanisha mambo mawili kwa seli mbili zenye vipokezi tofauti. Hili la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo muhimu kuliko yote.

Jambo lililonishangaza kwanza ni kwamba peptidi hizi na vipokezi vyake huonekana katika kiinitete kabla seli za neva hazijaunganika, yaani kabla hayajakuwapo mazungumzo yoyote ya neva. Mwaka 1993, Pierre Gressens na wenzake, miongoni mwao Illana Gozes na Douglas Brenneman, walichapisha majaribio waliyofanya kwa viinitete vya panya vya siku ya tisa, vilivyotunzwa nje ya mama katika chombo cha maabara. Walivitilia VIP, na kwa muda wa saa nne tu vikakua kuliko vile visivyotiliwa, seli za mrija wa neva zikigawanyika kwa wingi zaidi. Kisha wakafanya kinyume chake: waliwapa panya wenye mimba dawa inayozuia VIP kati ya siku ya 9 na ya 11, na watoto wakawa na ubongo mdogo. Siku mbili tatu katika mimba ya siku kama ishirini! Niliposoma sehemu hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje nikakaa.

Niliporudi nilikuta lililo kubwa zaidi. Katika siku zile, kiinitete cha panya bado hakijaanza kujitengenezea VIP yake. Kina vipokezi vya kuipokea, lakini VIP yenyewe hutoka kwa mama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba katika damu ya panya mwenye mimba kiwango cha VIP hupanda mara kadhaa kati ya siku ya 10 na ya 12, kisha hushuka. Kwa maneno mengine, mwili wa mama hufukiza wakati ule hasa ambapo ubongo wa mwana unahitaji kuambiwa uongezeke. Baadaye kundi la Gozes liligundua protini iitwayo ADNP, ambayo utengenezaji wake huchochewa na VIP. Panya wasiokuwa na jeni ya protini hiyo hufa tumboni mrija wao wa neva ukiwa haukufungika, na tangu mwaka 2014 inajulikana kwamba wapo watoto wa binadamu wenye ulemavu wa akili na usonji kwa sababu ya hitilafu katika jeni hiyohiyo.

Lakini kukua si kuongezeka tu. Mshonaji asiyejua kuacha haimalizi kofia. PACAP, pamoja na kuwa ndugu wa VIP na kushirikiana nayo vipokezi, ilipowekwa mwaka 1997 kwenye seli changa za gamba la ubongo wa panya, ilizipunguzia kugawanyika na kuzisukuma zigeuke kuwa seli za neva kamili zenye kuchipua nyuzi. Watafiti wale wale, Nairu Lu na Emanuel DiCicco-Bloom, walionyesha kwamba katika seli changa za neva za nje ya ubongo PACAP hiyohiyo huchochea kugawanyika, na kwamba tofauti iko katika umbo la kipokezi. Enkefalini nazo, kama walivyoonyesha Ian Zagon na Patricia McLaughlin, huwa ni breki: panya wachanga waliozuiwa vipokezi vyake mfululizo walipata ubongo wenye seli nyingi kuliko kawaida. Ndipo nilipoelewa kwamba swali langu la kitoto, kwamba ni peptidi gani inayokuza ubongo, lilikuwa limekosewa. Ujumbe ni mmoja, na maana yake huamuliwa na siku unapofika na seli inayoupokea.

Yapo mengine niliyoyafurahia bila kuyahusisha na msiba wetu. Seli zitakazoamuru balehe hazizaliwi ubongoni bali puani, kisha huhama kufuata nyuzi za neva za kunusia hadi ndani ya ubongo, ndiyo maana wapo watu wasionusa ambao pia hawabalehe bila ya tiba. Na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba katika panya, oksitosini ya mama wakati wa uchungu hutuliza kwa muda seli za ubongo wa mtoto anayezaliwa, ile ile peptidi ya asidi tisa inayobana mji wa mimba. Mkunga aliyenizalisha alikuwa akisema mtoto huzaliwa akiwa amelewa uchungu wa mamake. Sijui aliyatoa wapi.

Nilipokuwa nimeyasoma haya kwa kiasi cha kuyasimamia, nilibadili namna ninavyofundisha. Kila mwaka huomba mayai chini ya kuku wa kienyeji anayeatamia nyumbani, nikaandika tarehe kwa penseli juu ya ganda, na yai la siku ya nne nikalipeleka darasani likiwa limefungwa ndani ya kitambaa chenye joto. Kwanza tunazima taa na kulimulika kwa tochi, nasi huona mishipa myembamba imetawanyika kama buibui mwekundu. Kisha nakata dirisha dogo upande butu kwa mkasi wa kukatia uzi. Hapo darasa hunyamaza. Moyo unadunda, mdogo kuliko punje ya mchele, wekundu ukija na kutoweka. Jicho ni doa jeusi. Na kichwa, ambacho ni karibu nusu ya kiumbe chote, kina mafundo angavu kama matone ya umande yaliyoshikana, na hayo ndiyo ubongo. Mwaka jana mwanetu alikuwapo, kwa kuwa hunifuata shuleni siku za Jumamosi. Maneno yake ni machache, lakini alikiweka kidole chake karibu na dirisha lile bila kuligusa akawa anakitikisa kwa mapigo ya moyo, tu, tu, tu, hadi wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakaanza kuhesabu pamoja naye.

Kuna kosa moja ambalo elimu hii ilituepusha nalo. Mwaka mmoja muuzaji alimletea mdogo wangu chupa za matone ya peptidi za kukuza ubongo, kwa bei ambayo angelazimika kushona kofia tatu kuilipa, nazo kofia tatu ni kazi ya miezi. Nilimweleza kwa upole, kwa kuwa tumaini la mama si jambo la kukemewa, kwamba peptidi inayomezwa hukatwa tumboni kama nyama ya mchuzi, na kwamba hata kama ingefika ubongoni, ujumbe wa kuongeza seli ulikuwa na siku zake na siku hizo zimepita. Mtoto anahitaji mazoezi ya viungo, mazungumzo, usikivu wa walimu na dawa zake za kifafa kwa wakati. Aliirudisha chupa. Fedha zile zilimpeleka mtoto Malindi kwa mtaalamu wa mazoezi mara nne.

Na liko jambo ambalo naendelea kulisema kwa kila msichana ninayemfundisha na kila bi harusi wa ukoo wetu, bila kusubiri niulizwe. Vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vina faida kubwa vikianza kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12, kwa sababu husaidia mrija wa neva kufungika. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva, foliki kwa kipimo kikubwa zaidi ilipunguza kurudi kwake kwa asilimia 72. Kenya imelazimisha tangu mwaka 2012 unga wa viwandani wa mahindi na ngano utiwe foliki, lakini nyumba nyingi za visiwani hula wali. Mwanamke anayeanza kliniki mwezi wa tano atapewa vidonge hivyo, navyo vitamfaa kwa damu, ila mshono wa siku ya 28 hautafumuliwa ushonwe upya.

Jibu la swali la ndani ya boti nilichelewa kulitoa, kwa kuwa niliogopa lingemwumiza. Nilihofu akisikia kwamba ujumbe hutoka katika damu ya mama atajiambia kwamba damu yake ndiyo iliyopungukiwa. Juzi, siku chache kabla ya Maulidi, nilimkuta sebuleni akishona, nikakaa nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na mipaka yake: kwamba haya yameonekana kwa panya, kwamba mikrosefali ina sababu nyingi za jeni na za maradhi, kwamba kwa mwanetu hakuna aliyepata hata moja, na kwamba hakuna mama awezaye kuamuru kwa hiari yake peptidi zitoke au zisitoke. Hakulia. Aliiweka sindano chini akaniuliza siku zile zingekuwa lini.

Tulihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuzaliwa, yeye kwa miezi ya Kiislamu na mimi kwa ya kizungu, tukakutana katika wiki moja. Aliikumbuka. Ilikuwa wiki aliyokuwa akimalizia kofia ya bwana harusi mmoja wa Shela, akikesha kwa taa ya kandili kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika, na hakuwa akijua kwamba ana mimba.

"Basi nilikuwa nikishona kofia ya mtu," akasema, "na huku ndani nashona nyingine."

Kisha alimwita mwanawe, aliyekuwa mlangoni akiwaangalia punda wakishuka na mifuko ya saruji. Alimzungushia utepe juu ya nyusi hadi kisogoni, akausoma, akauzungusha tena kama alivyofanya siku ya saba. Sentimita 46 na nusu. Alifungua daftari lake la wateja, akaiandika nambari hiyo chini ya jina la mtoto, mstari mmoja na majina ya waliolipa, akachukua kitambaa cheupe akaanza kuchora duara la kwanza kwa penseli.